Hukumu Dhidi ya Cotton

Siku Bi Orpha Slone aliposhinda kesi yake, alikuja moja kwa moja kwenye kaunta yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza, "Sasa mwanangu, nikalipwe dirisha lipi?"

Wote huuliza hivyo. Nimekuwa karani wa mahakama ya kaunti yetu kwa miaka kumi na tisa na bado sijapata namna nzuri ya kulijibu swali hilo. Mahakama inakupa karatasi yenye muhuri. Pesa anazo yule yule aliyekunyima tangu mwanzo, kumbana ni kazi yako mwenyewe, na kila hatua ina ada yake. Nikamweleza. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemlia pesa zake.

"Lakini jaji kasema nina haki."

"Kasema, Bi Orpha."

"Na Cotton kasikia."

"Kasikia."

"Basi atalipa. Cotton si mwizi yule, ni mvivu tu."

Haki yenyewe ilikuwa dola elfu mbili na mia nne. Watu wa makaa ya mawe walipolipua baruti nyuma ya mlima, kisima cha Bi Orpha kilipasuka, maji yakaanza kutoka rangi ya chungwa na kunuka mayai viza. Tangu hapo, mama wa miaka sitini na minane alikuwa akienda kuteka kwenye bomba la chemchemi kando ya barabara kuu, madumu kumi na mawili kila baada ya siku mbili, kisha kuyapandisha ngazi ishirini na sita hadi jikoni. Mumewe, Harlis, hakuweza kubeba hata kikombe. Vumbi la mgodi lilikuwa limekwisha kumla mapafu. Binti yao aliyeko mjini Dayton alikuwa ameshatoa kauli: siku mama atakaposhindwa kupandisha dumu, anakuja na gari kuwachukua wote wawili, na nyumba inafungwa. Harlis alizaliwa katika nyumba hiyo. Alisema hatoki humo ila kwa jeneza.

Ndiyo maana waliuza trekta na bunduki mbili za baba yake Harlis, wakampa Cotton Ratliff arbuni ya kuchimba kisima kipya. Alichimba futi arobaini, keekee ikavunjika, akasema anafuata nyingine. Hakurudi tena.

Kesi ilichukua dakika kumi. Jaji aliyecheza naye mpira shuleni alimuuliza, "Cotton, umemchimbia huyu mama kisima au hujamchimbia?"

"Nimemchimbia nusu, Mheshimiwa."

"Nusu ya kisima ni shimo, Cotton. Mlipe."

Tulicheka sote, na Cotton akiwemo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Huku kwetu milimani mtu ana jina la kuandikwa kwenye Biblia ya familia, na ana jina la kuitwa. Yule bwana alizaliwa na nywele nyeupe kama pamba, na Cotton kwa Kiingereza ndiyo pamba yenyewe, basi ikawa Cotton toka utotoni hadi mvi zikamkuta hana cha kubadilisha. Bi Orpha alijaza fomu akaandika Cotton Ratliff. Mimi nikagonga muhuri. Askari akampelekea wito, jaji akamhukumu, hukumu nikaichapa mimi kwa mkono wangu. Katika watu wote hao wenye akili zao, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama kweli mama yake alimbatiza Pamba.

Aliyejiuliza ni benki. Mwezi wa Oktoba, baada ya kungoja wiki nane Cotton alipe, Bi Orpha alilipa ada, tukapeleka amri ya kuzuia akaunti. Jibu likarudi mstari mmoja: hatuna mteja wa jina hilo. Akalipa tena, tukajaribu benki ya pili. Hawana.

Bi Orpha alimfuata Cotton kituo cha mafuta, akamuuliza mbele za watu, "We Cotton, jina lako la kuzaliwa nani?"

"Kha! Unataka kunichumbia, Orpha? Harlis anajua?"

"Nijibu, mbwa wee."

"Niite mpenzi tu, dada, linatosha." Akawasha gari akaondoka, watu wakabaki wameshika mbavu.

Mpaka tunalipata jina kwa shangazi yake, Desemba ilikuwa inakatika: Denver Ray. Kulirekebisha kwenye hukumu kulitaka ombi, na ombi lilitaka siku ya kusikilizwa. Theluji ikafunga mahakama mara mbili. Mara ya tatu Cotton hakutokea. Hukumu ilipata jina la kweli mwezi wa Aprili, na amri ikaenda tena benki. Safari hii benki walimjua mteja wao. Alikuwa na dola mia sita na kumi na moja, zote za mafao ya wagonjwa wa mapafu, maana vumbi la mgodi lilimpata naye, na hizo kisheria haziguswi.

Niliisoma barua hiyo kwa sauti kwa sababu Bi Orpha alikuwa amesahau miwani. Nilitegemea atamtukana mtu.

"Sheria hiyo naijua," akasema. "Hospitali walitaka kuchukua za Harlis, ikatukinga. Ni sheria nzuri." Akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye mkoba.

Tulibakiwa na njia moja, kumwita Cotton aeleze chini ya kiapo ana mali gani. Alikuja Mei. Sikuamini macho yangu, mtu alikuwa amepukutika, anavuta pumzi kama mlango mbovu. Mtambo wa kuchimbia? Ameuza, pesa zimeliwa na dawa. Gari? La mke. Nyumba? Ya mama mkwe.

"Orpha, sikufichi kitu, nimekula kiapo," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Ungekuja Oktoba, dada. Oktoba nilikuwa nimechimbia shule mbili, nilikuwa na elfu tisa benki. Nilishangaa hamzichukui. Nikasema labda mmenisamehe."

Oktoba. Karatasi yetu ilifika benki ile ile, siku zile zile, pesa zimelala mle ndani, ikarudishwa kwa sababu ya muhuri wangu juu ya jina la utani. Nilimngoja Bi Orpha ageuke aniangalie, na nilitaka aniangalie, hata anitemee mate. Hakugeuka. Alikuwa anamwambia Cotton asikae karibu na dirisha, kuna upepo, si mzuri kwa kifua.

Juni bega la kulia la Bi Orpha likakataa kuinuka. Binti alikuja na gari Jumamosi hiyo hiyo. Harlis alishuka ngazi zote ishirini na sita kwa kukaa kitako, moja moja, hakutaka kushikwa na mtu.

Bi Orpha alirudi mara moja, Septemba, kuniachia anwani mpya, eti pesa zikitokea zimfuate. Akauliza hukumu inaishi muda gani. Nikamwambia miaka kumi na tano. Akahesabu kwa vidole, akaacha.

"Ni mimi, Bi Orpha," nikasema. "Lile jina. Ningekuuliza siku ile ile."

"Ningekujibu Cotton, mwanangu."

Nikauliza swali la kipumbavu, kama huko Dayton maji ni mazuri.

"Yanatoka ukutani," akasema. "Unafungua tu yanakuja, hata ukitaka ya moto." "Harlis anakaa pale jikoni anayafungua na kuyafunga. Siku nzima. Haongei na mtu, anafungua, anafunga."