Kompyuta Iliyompekua Marehemu Kila Asubuhi

Visa vya kutunga vipo vingi huko mitandaoni, nenda kavisome. Hiki si cha kutunga. Kilinipata mimi, kwenye steshenari yangu pale Basotu, mchana kweupe, na mkono wangu wa kulia mpaka leo haunyooki. Ukipita sokoni uliza kwa nini jamaa wa fotokopi anashika kikombe kwa kushoto. Watakwambia alianguka kwenye kiti. Hawajui kitu hao.

Mimi ni Mwiraqw, mzaliwa wa kijiji cha Daudi, nilishuka Hanang kutafuta maisha, na sikufichi, hasira zangu ziko karibu. Kompyuta ikinichelewesha naigombeza kama mtu. Na hii ilinichelewesha haswa. Ukiiwasha asubuhi inaleta kioo cheusi na maandishi meupe: inakagua diski D, asilimia moja, asilimia mbili. Chai inapoa, wateja wanajazana mlangoni, yenyewe iko asilimia kumi na nne. Imeandikwa pale chini, bonyeza kitufe chochote kuruka ukaguzi. Nilibonyeza mpaka herufi zikafutika kwenye kibodi. Wapi!

Nilihangaika nayo jamani. Nilisaka virusi, sikuona. Nikafungua kasha nikapuliza vumbi, na vumbi la Basotu wakati wa kuvuna ngano unalijua lilivyo. Nikaongeza memori. Kesho yake yale yale. Hiyo diski D ilikuwa ya mtumba, nilinunua kwa fundi mmoja wa Katesh ili nipate nafasi ya kuweka picha za wateja. Fundi aliniapia ameisafisha, haina kitu. Nikasema diski kuukuu haikosi makovu, iache ijikague itapona. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Basi asubuhi moja, ukungu wa ziwani umeshuka mpaka barabarani, Mama Neema muuza samaki alikuja kutoa kopi ya kadi ya kliniki ya mwanawe. Nikamwambia asubiri, mashine inajikagua. Hapo ndipo akaingia mzee mrefu, mfugaji, shuka nyeusi, fimbo yenye pete mbili za shaba.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Kimya. Mimi sijawahi kumwona mzee asiyejibu marahaba. Hata mlevi hujibu. Hata mgonjwa aliyelala kitandani atakutikisia kichwa. Nikarudia, "Shikamoo baba." Akakaa kwenye benchi, macho kwenye kioo cha kompyuta.

Ukaguzi ulipofika asilimia sitini na kitu ukakwama, kama kawaida yake. Mzee akaanza kutetemeka. Akavuta shuka kufunika mapaja, akavuta tena, kama mtu anayevuliwa nguo na watu wasioonekana. Halafu akainuka akanitandika fimbo ya uso. Niamini, sijawahi kupigwa vile. Nilipasuka shavu, damu ikarukia kibodi, jino likatoka nikalitemea mkononi.

"Yesu wangu!" Mama Neema akapiga kelele. "Umeangukaje hapo?"

"Nimeanguka wapi? Si huyu mzee kanipiga!"

"Mzee gani?"

Benchi lilikuwa tupu. Mama yule akachukua kadi yake akaondoka bila kopi, akaenda kutangaza kwa wauza samaki wenzake kwamba nina kifafa.

Mwenye akili angefunga duka. Mimi kesho yake nilikuja na rungu. Ndiyo, nilikasirika kuliko nilivyoogopa. Nikawasha kompyuta, nikaweka rungu mapajani, nikangoja. Asilimia zikapanda. Akaingia. Safari hii sikumsalimia, nilimrushia rungu la kichwa kwa nguvu zangu zote. Likapita kwenye shuka kama linapita kwenye moshi, likavunja kabati la vioo, kalamu na bahasha zikamwagika sakafuni.

Lakini mkono wake ulikuwa mzito. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaulaza kwenye ukingo wa meza, akaweka goti juu. Nikapiga kelele, nikamuuma bega, nikaonja udongo mdomoni. Udongo mtupu, wa kaburini. Akakandamiza. Mfupa ulivunjika, kaka, nikausikia mpaka kwenye meno.

Ndipo akazungumza, polepole, kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunza mnadani. "Wewe kijana. Kila asubuhi unanivua nguo mbele ya wanawake. Nani kakutuma unipekue?"

"Mimi? Sijakugusa mzee wangu!"

Akainyooshea kompyuta fimbo yake. "Ukinipekua tena, ni shingo."

Akatoka na ukungu. Nilipelekwa hospitali na bodaboda, nikafungwa plasta, na watu wote pale wakiniuliza habari za kifafa. Lakini mimi nilikuwa na neno moja tu kichwani. Shingo. Nina mke, nina watoto, nina shingo moja.

Alasiri nikarudi dukani. Kompyuta ilikuwa bado inawaka toka asubuhi, ukaguzi ulishaisha. Nikaketi, nikafungua hiyo diski D kwa mara ya kwanza kuitazama vizuri, hata pale pembeni ambapo vitu hufichwa. Lo! Fundi hakusafisha chochote. Kulikuwa na video.

Nikaifungua. Msiba wa wafugaji. Wazee wamekaa, vijana wanachimba. Na mzee wangu, yule yule, amelala chini uchi wa mnyama, kabla hajavikwa ngozi ya ng'ombe. Unajua wafugaji wa huku wanavyomzika mzee wao? Mwili huonwa na watoto wake wanaomshusha, basi. Sisi wengine tutakuja baadaye kwenye kilima cha udongo kinachojengwa juu yake kwa miezi, tutaimba, tutakula nyama. Uchi wake si wetu. Kumbe kuna mtu alijibanza nyuma ya zizi na kamera.

Na video ilikuwa imeharibika hapo hapo, kwenye uchi. Ndiyo maana mashine kila ikiwashwa ilirudi pale pale, inageuza, inafunua, inageuza tena. Nikamwelewa mzee. Nilikuwa bado namwogopa, lakini nilimwelewa. Hata mimi ningepiga mtu.

Nikatafuta bisibisi nifungue skrubu moja iliyoishika ile diski, niichomoe. Kabla sijaipata, umeme ukakatika. Nikashusha pumzi, nikasema afadhali. Afadhali gani! Haukukaa hata kidogo, ukarudi, na mashine yangu umeme ukirudi hujiwasha yenyewe. Kioo cheusi. Inakagua diski D.

Mlango ukawa giza. Sikupata hata nafasi ya kuinuka. Vidole vyake vilizunguka koo langu, vya baridi, vigumu kama mizizi, akanibamiza ukutani mara moja, mara mbili, kalenda ikadondoka. Nikajaribu kumwambia nimejua, nisamehe, sauti haitoki. Mkono wa kulia uko kwenye plasta. Macho yakaanza kuona vidoa vyekundu. Kwa mguu nikalivuta kasha la kompyuta chini ya meza, lile ambalo sikulirudishia kifuniko toka siku ya kupuliza vumbi. Nikateleza ukutani naye akiwa shingoni, nikazamisha mkono wa kushoto ndani, nikashika waya niliodhani ndio, nikavuta, diski ikang'oka pamoja na skrubu yake.

Vidole vikalegea. Nilikohoa damu kwenye sakafu, na diski iko mkononi bado ya moto.

Jioni ile ile nilikodi bodaboda mpaka Getanuwas. Kwenye video nilimwona kijana ninayemfahamu, Gidamis, huwa anakuja kwangu kupiga picha za pasipoti. Nilimkuta anaingiza ng'ombe zizini. Nikamweleza yote, sikupunguza. Aliposikia neno uchi akauchomoa mkuki, ncha ikakaa hapa, chini ya kidevu.

"Umemwona baba yangu?"

"Nimemwona, na kaniona." Nikamgeuzia shavu langu. Jeraha lilikuwa na alama mbili za duara, zimekaa sambamba.

Akazigusa alama zile kwa kidole, moja, halafu ya pili. Ile fimbo ya pete mbili, akasema, walimzika nayo. Mkuki ukashuka. Akaichukua diski, akaiweka juu ya jiwe, akaipondaponda kwa jiwe jingine huku analia kwa sauti, akipiga mpaka vidole vyake mwenyewe vikachanika, nami nikasimama pale nalia pia, mtu mzima, sina aibu. Vipande tulivifukia kwenye kile kilima cha baba yake.

Nikainamisha kichwa. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Ilitoka ardhini, karibu na miguu yetu. Gidamis aliisikia, yupo hai, kamuulize.

Sasa kompyuta yangu inawaka upesi, chai haipoi. Mkono ndio ulivyo, na nikimeza chakula kigumu koo linanikumbusha. Ningeishia hapo ningefurahi. Lakini plasta ilipotolewa nilikwenda Katesh kumtafuta yule fundi. Nilimkamata kola kwa kushoto, nikambana kwenye meza yake ya kazi, nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akasema alisahau kufuta. Akasema, tena akidhani ananituliza, "Usijali bro, kama ulizihitaji zile video zipo. Nilizikopi zote kwenye diski nyingine kuijaribu kama nzima."

"Iko wapi hiyo diski?"

"Nimeshaiuza."

Kwa nani, hakumbuki. Nilimpiga, ndiyo, lakini hakukumbuka.

Kwa hiyo sikiliza wewe unayenisoma. Kama kompyuta yako siku hizi inachelewa kuwaka, ina kioo cheusi na asilimia zinazopanda taratibu, usikae kunywa chai. Chomoa diski ya mtumba uangalie mashine yako inampekua nani. Na akiingia mzee mrefu wa shuka nyeusi, msalimie. Asipojibu, usinyanyue mkono, usibishane naye. Vuta waya, haraka, kabla haijafika sitini.