Siku Kapsoya Nzima Ilipokuja Shuleni Kula

Wacha nianze na lile linaloniuma zaidi, ndio mcheke mapema mmalize: mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nina digrii ya Kiswahili, cheti kimetundikwa sebuleni, na kuna herufi mbili za Kiswahili ambazo mpaka leo hatujaelewana. R na L. Wazazi wangu walihamia Moi's Bridge kutoka Nyeri wakafungua duka, na mbele ya duka mama aliandika kwa chaki MCHERE MPYA, na wateja walikuwa wanasimama pale wanasoma kwa sauti, wanacheka, halafu wanaingia kununua (walinunua, hilo lazima niseme). Nilikuwa darasa la sita nilipofuta ile R nikaandika L, na mama akaniuliza bila hasira, "Kwani tofauti ni gani?" Nikaona aibu, na haikuwa aibu ya mchele, ilikuwa aibu ya mama, na hiyo sijajisamehe.

Ndio nikasomea Kiswahili, nikajifunza kuukaba ulimi. Shida ni kwamba ulimi ukishazoea kukabwa hujihami hata pale ambapo hakuna adui, unakuta R halali kabisa, imekaa kwake imetulia, unaigeuza L kwa sababu ya woga. Mimi hilo hunipata nikiwa na haraka, au nikiwa na hofu, na wiki hiyo nilikuwa na vyote viwili.

Nilikuwa mwalimu wa bodi katika shule moja ya kutwa hapa Kapsoya, Eldoret, yaani aliyeniajiri si serikali bali bodi ya shule, kwa mkataba mfupi ambao ukikohoa vibaya unaisha. Tulikuwa watatu wa namna hiyo na tulikuwa tumeambiwa kwamba muhula ujao watabaki wawili. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Kiptoo, mkulima wa mahindi asiyecheka ovyo, angekuja Ijumaa kututazama mmoja mmoja tukifanya kazi. Basi wenzangu wawili wakafanya jambo la busara, wakaandaa somo la kawaida. Mimi nikaamua kuonyesha kipaji.

Kidato cha nne tulikuwa tunasoma riwaya ya zamani ya mafumbo ya kisiasa, ile ambayo juu juu ni habari ya mbuzi na ukweli wake ni habari yetu sisi. Mbuzi wamechoka kutawaliwa na mbwa, wanaasi, wanapiga kura, wanamchagua beberu mwenye ndevu ndefu aliyewaahidi kwamba ghala litakuwa la wote. Baada ya kurasa mia hivi, beberu yuko mlangoni pa ghala, ufunguo umening'inia shingoni, anawaambia wenzake waliokonda, "Subirini, ndugu zangu, njaa yenyewe ni ya muda." Hilo neno nililipenda sana. Nililiandika ubaoni, nikalitilia mstari mwekundu, nikawaambia wanafunzi, "Likariri hili, maana siku moja utalisikia kwa mtu unayemjua." (Kumbe nilikuwa nabii.)

Kipaji changu kilikuwa hivi: Ijumaa tungefanya ule uchaguzi wa zizini. Wanafunzi wangekuwa wagombea, wengine wamevaa pembe za katoni, na wazazi ndio wangekuwa mbuzi wa kawaida, wanaingia, wanapiga kura, wanatoka, wanaelewa kitabu ambacho watoto wao wanasoma. Mzee Kiptoo angeshangaa. Mimi ningebaki.

Jumatano mikono yangu ilikuwa imejaa gundi ya zile pembe, kwa hivyo nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu, ambao ndio mama wa mikasa yote: badala ya kuandika tangazo, nikabonyeza kwa kiwiko na kuwatumia wazazi ujumbe wa sauti. Nakumbuka nikijiambia, Nyambura, hapa kuna neno la hatari, ulimi usiteleze. Nikalitamka hilo neno polepole, kwa ufasaha, kwa madaha hata.

"Wazazi wapendwa, hamjambo. Ijumaa saa nne njooni shuleni, tuna siku ya kula. Kila mzazi ana haki ya kula. Ni kula moja kwa kila mtu, na kula ni ya siri. Tafadhali usikubali mtu anunue kula yako. Na matokeo ya kula yatatangazwa hapo hapo."

Mtaalamu wa ngeli angeshtuka, angejua kwamba chakula kingekuwa "kula ni kwa siri" wala si "ya siri", lakini hapa Eldoret nani huhesabu ngeli? Na laiti ningetumia neno "kupiga" hata mara moja, pengine mtu angeshuku. Sikulitumia. Tena hakuna ambaye angeniuliza, kwa sababu lile grupu la wazazi nilikuwa nimelifunga mwezi mmoja kabla, nilipochoka na maombi ya alfajiri na matangazo ya viazi, nikaamua kwamba anayezungumza humo ni mimi peke yangu. (Ndiyo, mwalimu wa riwaya ya udikteta.) Walichoweza kufanya ni kuweka alama za kupenda, na waliziweka, mioyo, makofi, mikono ya kushukuru, mpaka nikajisemea, kumbe demokrasia imekolea namna hii Kapsoya.

Ijumaa saa tatu na nusu uwanja ulikuwa umejaa. Sisi tukiita wazazi waje kuzungumzia alama za mitihani huja saba, na wawili kati yao wamekosea shule. Siku hiyo walikuja wote, na shangazi zao, na nyanya mmoja aliyetoka Turbo na mapema yake. Niliona baadhi yao wamebeba mikebe yenye vifuniko, sikujiuliza. Mzee Kiptoo akashuka kwa pikapu yake, akautazama ule umati, akaja nilipo.

"Mwalimu, hawa watu wote wamekuja sababu ya kitabu?"

"Ndiyo, Mzee," nikajibu. "Huku kwetu wanapenda sana fasihi."

Akatikisa kichwa pole pole, akatoa kijitabu mfukoni, akaandika kitu. Nikaanza kuwahurumia wale wenzangu wawili na somo lao la kawaida.

Tukaanza. Kila mzazi alipewa karatasi yenye picha mbili, ya beberu na ya mbwa, na kisanduku cha kuweka alama kando ya kila moja. Anaingia maktaba, nyuma ya leso tuliyoitundika, anaweka alama, anatumbukiza karatasi kwa boksi, anatoka kwa mlango wa nyuma. Walikuwa watiifu ajabu, foleni imenyooka, hakuna kusukumana. Ila niliona wanaotoka hawaondoki. Wanasimama pale nyuma, wananusa hewa.

Wa kwanza kunijia alikuwa Mama Nafula, anayeuza mboga karibu na steji ya matatu, mwanamke wa sauti na moyo. Karatasi yake bado ilikuwa mkononi. Akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, mimi hii ya mbuzi nimeweka tiki. Lakini hii ingine..." akaangalia huku na huku. "Kwani mnapikanga mbwa hapa?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani, mwanamke ameelewa fumbo.

"Usicheke, mwalimu. Mimi sikulanga kitu tangu jana jioni. Ulisema tusikubali kununuliwa chakula, ya hapa inatosha. Ulisema ni ya siri, ndio sikuambia majirani. Nimekuja na dada zangu tu."

Dada zake walikuwa wanne. Nikawatazama, nikaitazama ile mikebe, na polepole nikaanza kuisikia tena sauti yangu ya Jumatano.

Mtu mwenye akili angepanda juu ya kiti papo hapo akasema, samahani, nimekosea, ni ulimi wangu. Maneno matano. Lakini Mzee Kiptoo alikuwa hatua kumi kutoka kwangu na kijitabu chake, na kusema hivyo mbele yake ilikuwa ni kusema kwamba mwalimu wa Kiswahili hajui Kiswahili. Nikaamua kuendelea. Nikajiambia nitangaze matokeo haraka haraka, niwashukuru, waende. Beberu akashinda kwa kishindo, bila shaka, kura zote zilikuwa zake isipokuwa moja ya mbwa (tulitazamana, hakuna aliyekiri). Halafu Cheruto, msichana wangu hodari, akapanda jukwaani na pembe zake za katoni, akatoa hotuba niliyomfundisha mimi mwenyewe kwa wiki mbili.

"Ndugu zangu!" akapaza sauti. "Tumekonda vya kutosha! Kuanzia leo, ghala ni lenu!"

Wale wazazi walipiga makofi kwa namna ambayo sijawahi kuona kwenye fasihi. Halafu wakageuka wote pamoja, wakaelekea jikoni.

Jikoni kulikuwa na sufuria moja kubwa ya githeri, chakula cha mchana cha wanafunzi, na mpishi mmoja, Wekesa, ambaye alipoona umati unakuja na mikebe alifunga mlango kwa ndani, akatokea dirishani, akanirushia ufunguo, akaenda zake. Nilikuwa nimebeba boksi la kura, sikuwa na mkono wa kuushika ule ufunguo, na ulikuwa na kamba, nikauvaa shingoni. Nikasimama mlangoni. Mama Nafula mbele, dada zake nyuma yake, nyanya wa Turbo amepenyezwa mbele kwa heshima ya umri wake, na kidato cha nne wote wamezunguka na pembe zao.

"Mwalimu, fungua," akasema Mama Nafula. "Huyu mama ametoka mbali."

Kichwa kilikuwa kimekauka kabisa. Nilitafuta neno lolote la kuwatuliza, lolote lile, na lililokuwa karibu ni lile nililokuwa nalifundisha kila siku kwa mwezi mzima.

"Subirini, ndugu zangu," nikasema, "njaa yenyewe ni ya muda."

Wanafunzi wakaniangalia usoni, wakaangalia ule ufunguo shingoni, wakatazamana. Kisha Cheruto, mtoto niliyemlea kwa mikono yangu, akaninyooshea kidole.

"Beberu!"

Wakashika wote, "Beberu! Beberu!" na wazazi nao wakashika bila kujua ni la nini, na kama mnavyojua beberu kwa Kiswahili ni mbuzi na pia ni mnyonyaji anayekalia nchi ya watu, kwa hivyo hakuna upande ambao ningeweza kuuchukua nikajifariji. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Kiptoo akapenya katikati yao akauliza kuna nini, na Mama Nafula, badala ya kueleza, akatoa simu, akafungua sauti mpaka mwisho, na shule nzima ikanisikiliza nikitangaza kwa ufasaha, kwa madaha, kwamba kila mzazi ana haki ya kula.

Waliocheka kwanza ni walimu. Mzee Kiptoo hakucheka. Aliirudia ile sauti mara mbili, akanitazama.

"Ulitaka kusema nini, mwalimu?"

Nilifungua mdomo, hilo neno likakataa kutoka. Machozi yakatoka badala yake, mbele ya wanafunzi wangu, na nikamwona mama amesimama mbele ya lile duka na chaki mkononi, anauliza tofauti ni gani. Nikavua ufunguo nikafungua mlango. Githeri iligawanywa kijiko kijiko kwa wote, wazazi na wanafunzi sufuria moja, na nyanya wa Turbo akapewa wa kwanza. Walimu hatukupata kitu, na Mwalimu Mkuu mpaka leo hunikumbusha.

Jumatatu Mzee Kiptoo aliniita ofisini. Nilikuwa nimeshapanga vitabu vyangu kwenye mfuko. Akaniambia kwamba bodi ilikaa, na hawakuelewana, na wengine walisema maneno sitaki kuyarudia.

"Ikabidi tupige," akasema. "Umepita kwa moja."

"Moja ya nini, Mzee?"

Akaegemea kiti, akakunja mikono, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Wewe ndio mwalimu wa Kiswahili. Sema."

Nikavuta pumzi. Nikauweka ulimi pale unapotakiwa kukaa, nikautetemesha kama mtoto anayeiga pikipiki.

"Kurrra," nikasema.

Basi ndio nimebaki kazini, na jina limebaki nami pia, Madam Beberu, hata watoto wa darasa ambalo sijafundisha wananijua hivyo. Ujumbe wa sauti nimeapa sitatuma tena, hata nikiwa nakufa nitaandika. Lile grupu nimelifungua, wacha waombe na wauze viazi. Na nilipoenda Moi's Bridge likizo hii nilikuta ubao wa duka umeandikwa MCHELE MPYA, kwa L, vile nilivyowafundisha miaka ile. Mama alikuwa ndani anapima sukari. Nikachukua kitambaa, nikaifuta ile L, nikaandika R.