Tuta la Mto Lilivyorudishwa Nyuma

Mwezi uliopita, baada ya arobaini ya bibi, nilimwomba mjomba anipeleke bondeni Ruvu nikapaone nilipokulia. Tulishuka njia ileile ya mchanga, na mara nikasimama kama niliyepigwa kofi. Tuta la kuzuia mafuriko halikuwepo. Palipokuwa na mashamba sasa pana maji yaliyotulia, matete, na ndege weupe wengi ajabu.

Kama umekulia bondeni, unajua tuta lilikuwa nini kwetu. Letu lilibanana na mto kabisa, na juu yake ndipo tulipopita kwenda chuoni kusoma Kurani. Tukirudi, kazi yetu ilikuwa kuamia ndege kwenye mpunga, tukipiga madebe na kupayuka mpaka sauti zikauke. Mchana bibi alituletea wali wa mpunga mpya na kambale wa nazi, harufu yake ikitangulia mbali. Kila masika yalipokaribia, watu wazima walibeba udongo kwa makarai, wakaliinua tuta. Tuliliamini kuliko kuta za nyumba zetu.

Masika ya mwaka mmoja, baada tu ya sala ya adhuhuri, likapasuka. Hakukuwa na kishindo. Ilisikika kama nguo kuukuu inayochanwa. Bibi alinishika mkono tukakimbilia mwinukoni. Jirani yetu, mama aliyetugawia vitumbua asubuhi ile, alikuwa pamoja nasi. Akakumbuka mpunga wake uliobaki ndani, akageuka. Bibi alimwita mara tatu. Kesho yake walimkuta kwenye matete.

Tuta likajengwa tena palepale, likainuliwa zaidi. Mimi nikapelekwa Dar kusoma. Miaka ya karibuni niliposikia watu wa bondeni wamehamishwa, na bibi yuko kwa mjomba huko Kerege, niliamini kafukuzwa. Hasira hiyo nilikaa nayo.

Siku ile nilimwambia mjomba hivyo. Akashangaa. Akanisimulia kwamba wataalamu walipokuja kueleza mpango wa kubomoa tuta na kujenga jingine nyuma kabisa, ili mto upate pa kutandaa, mkutano mzima ulikataa. Bibi akasimama.

"Alisema, 'Mwenzangu alikufa kwa sababu tuliubana mto. Mimi shamba langu nalitoa.' Akawa wa kwanza kuweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali."

Miaka yote hiyo bibi hakuniambia, nami sikumuuliza.

Mjomba akaendelea kwamba masika yaliyopita maji yalikuwa mengi mno, lakini yalitandaa humo humo, yakagusa tuta jipya, yakapungua. Hakuna nyumba iliyoingiwa. Hata kambale wamerudi kuzaliana. Nilishukuru. Nikamuuliza nyumba yetu ilikuwa upande gani. Yeye aliyezaliwa ndani yake aliyatazama maji kwa muda, akanyoosha mkono kushoto, kisha kulia, kisha akaushusha.

"Sipajui tena, mwanangu."