Nilimficha Mwali na Uvimbe Wake

Usinionee huruma. Naandika bila jina kwa sababu mtaani kwetu Buyenzi tunajuana sote, na aibu hii bado mbichi. Dada yangu Zuhura hatembei, na kosa ni langu.

Wakati ule wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini kwetu nilikuwa fundi wa magari. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, hivyo mimi kaka mkubwa ndiye niliyepokea posa yake. Mchumba alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa dini, tena wa ukoo wenye heshima. Nilitembea mtaani kifua mbele!

Miezi miwili kabla ya harusi, Zuhura akaanza kulalamika mgongo. Mguu wa kushoto ukawa mzito, kandambili inamtoka bila yeye kuhisi. Hospitali wakampiga picha ya mgongo, ile ya kuchomwa dawa kwanza. Majibu nilikwenda kuchukua peke yangu.

Daktari alinikalisha chini.

“Ni uvimbe, unabana uti wa mugongo. Hauonekani kama kansa, unakua pole pole. Wakimupasua sasa, atatembea. Mukichelewa, miguu haitarudi.”

Akanipa barua ya kumpeleka Nairobi, maana kwetu hapakuwa na wa kuifanya kazi ile.

Mimi nilishika moja tu: si kansa. Basi uvimbe utasubiri! Nikajiambia barabara ya Kigali, njia ya kwendea Nairobi, ina waviziaji, mabasi yanapigwa risasi. Ni kweli yalipigwa. Lakini nisikudanganye, sikuogopa risasi. Niliogopa wakwe wasikie bibi harusi ana ugonjwa wa mgongo, wakavunja posa.

Barua nikaifungia kwenye sanduku la spana. Zuhura nikamwambia daktari kasema ni mishipa, apumzike.

Halafu nikafanya ujanja ambao mpaka leo unanichoma. Kwetu mwali huwekwa ndani siku chache kabla ya harusi, asionekane na watu. Mimi nikamwomba shangazi amweke mwezi mzima. Majirani wakatusifu kwa kushika mila, na kumbe ndani mle dada yangu alikuwa anashika ukuta ili afike msalani. Shangazi akaja kuniambia kwamba binti sasa anajikojolea. Nikamjibu ni woga wa harusi. Laana gani ile!

Siku ya harusi alitolewa ameshikwa na wanawake wawili, wageni wakadhani ni haya. Wiki ya pili ya ndoa, miguu yote miwili ikafa ganzi.

Mumewe akampeleka Nairobi mwenyewe. Uvimbe ukatoka wote, na kweli haukuwa kansa. Miguu haikurudi. Waliporejea, mumewe alinifuata gereji kuuliza daktari alisema nini mwanzoni. Nikashindwa kusema uongo tena, nikampa barua. Aliisoma mara mbili.

“Shemeji, ungenionyesha hii mapema, ningemupeleka. Na bado ningemuoa.”

Hajamwacha. Yeye ndiye anayembeba kwenda kuoga. Mimi nyumbani kwao sikanyagi, Zuhura amekataa, na simlaumu.

Wewe uliyeshika majibu ya mgonjwa wako, mpe leo. Ukiambiwa si kansa, usiinuke kwenye kiti, sikiliza mpaka daktari amalize. Na usimwamulie mtu mzima mambo ya mwili wake. Mimi sikumwuliza Zuhura achague harusi au miguu. Ningemwuliza, leo angekuwa na vyote viwili.