Mayai Ndani ya Rejeta ya Dada

Dada yangu mkubwa hatupi kitu. Ukienda kwake utakuta kipande cha sabuni chembamba kama ukucha kimebandikwa juu ya kipande kipya, na majani ya chai yaliyokwisha kutumika yameanikwa dirishani ili yatumike tena. Mimi kwake sinywi chai. Nimeshamwambia usoni, naye akasema vizuri, itabaki ya kesho.

Watu wanamwita Mama Trei kwa sababu anauza mayai. Alianza kuuza baada ya mume wake kumwacha akaenda kwa mwanamke aliyemwita "mzima wa miguu". Hayo ni maneno ya yule mwanamume, na mimi nikikutana naye njiani navuka upande wa pili nisije nikamtapikia. Mguu wa kushoto wa dada haukunjiki. Ulivunjika akiwa msichana, ukaungwa vibaya, ukabaki umenyooka kama mpini wa jembe. Kwa mguu huo hawezi kukanyaga klachi, kwa hiyo alipojaliwa kununua gari alitafuta otomatiki, akapata moja kuukuu, la kijivu, lenye mlango mmoja mweupe. Siku alipolileta alizunguka nalo mtaa mzima vioo vimeteremshwa, akiwasalimu hata wale asioongea nao. Toka hapo hakumngoja mtu tena wala kumwomba mtu ambebee trei. Gari lile ndilo mguu wake. Likifa, anarudi kukaa mlangoni na kungoja anayepita.

Kisha rejeta, ile ya maji ya kupozea injini, ikaanza kuvuja.

Mteja wake mmoja, dereva wa lori, akampa ujuzi. "Mama Trei, pasulia yai humo ndani. Maji yakichemka yai linaiva, linaenda kuziba tundu."

Mtu mwingine angecheka akapita. Dada ana mayai yenye ufa kila siku, na kutupa hatupi. Akapasua moja, tundu likaziba kweli. Lilipofunguka akaongeza jingine. Mwishowe ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi: anakagua trei, yaliyopata ufa anayabeba kwenye bakuli, anafungua boneti na kuilisha rejeta kama anamlisha mtoto mchanga.

Harufu yake sijui niieleze vipi, maana huenda unasoma huku unakula. Yai bovu unalijua. Sasa fikiria yai bovu lililochemshwa, likapoa, likachemshwa tena kesho yake, na keshokutwa, miezi mizima. Ukikaa kiti cha mbele harufu inakuingia puani, inahamia kwenye nywele, unashuka nayo, unalala nayo.

"Dada, gari linanuka."

"Linatembea?"

"Linatembea."

"Basi fungua kioo."

Siku ninayoisimulia tulikuwa tunapeleka mayai kwenye kiwanda cha mikate. Tulipoanza kupanda mlima, mshale wa joto ukapanda nasi. Ulipogusa alama nyekundu, moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, na dada akazima gari akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama vile litakimbia. Chini ya mlima palikuwa na gereji. Akaliachia gari lirudi nyuma taratibu, mimi nikitembea pembeni na kuwafukuza watu, mpaka tukaingia getini kinyumenyume.

Fundi wa hapo anaitwa Hamna Shida, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Suruali yake ilikuwa imekauka kwa grisi, ungeivua ingesimama peke yake. Mkononi alikuwa na kitambaa kimoja. Alikitumia kujifuta jasho, akapenga nacho kamasi, kisha akakiweka juu ya mfuniko wa rejeta.

"Si bado ni ya moto?" nikamuuliza.

"Hamna shida, mama."

Akazungusha. Loo! Kilichotoka humo hakikuwa maji. Yalikuwa mabonge ya kijani na manjano, laini kama ubongo, yakaruka juu, yakatua kwenye paji la uso wake, kwenye ukuta, na kifuani kwangu, kwenye gauni nililokuwa nimelipiga pasi asubuhi ile. Mafundi wa pembeni wakakimbia. Mmoja alishika mti akatapika.

Hamna Shida akajifuta kwa kitambaa kilekile. "Mama, humu umepika nini?"

"Mayai," dada akajibu bila kupepesa.

"Ya nini?"

"Ya kuzibia."

"Umeziba. Umeziba mpaka maji yenyewe hayana njia."

Ikabidi rejeta itoke. Akakinga beseni chini, akafungua maji, akatoa feni, akachomoa mpira wa juu na wa chini. Kila alichochomoa kilikohoa uchafu. Mwisho akafungua vipaipu viwili vyembamba vya chuma upande wa chini, na vyenyewe vikadondosha oili nyekundu kwenye kiatu changu.

"Na hivyo?" nikauliza, nikifuta kiatu kwa jani.

"Hivi vya giaboksi. Gari la otomatiki oili yake ya gia inapita ndani ya rejeta kupoa, halafu inarudi." Akamtazama dada. "Mama, omba Mungu kuta za ndani ziwe nzima. Kama maji na hayo mayai yako yamevuka yakaingia kwenye gia, usinitafute mimi. Tafuta wa vyuma chakavu."

Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Ikiwa ya rangi ya waridi, nzito kama mtindi, maji yameingia na gari limekufa. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mguu ule umenyooshwa nje ya mlango, na nilimwona akijifinya paja.

Oili ilikuwa nyekundu. Imechoka, lakini nyekundu.

"Umepona," fundi akasema, akaenda kutafuta rejeta nyingine.

Nilikwenda bombani kuosha gauni. Sabuni yao ilikuwa na nywele. Niliporudi, Hamna Shida alikuwa ameshapata rejeta nyingine na kuifunga, anapiga mluzi.

"Tayari, mama. Washa."

Mimi mtu anayepenga kamasi kwa kitambaa cha kazi simwamini. Nikainama kuchungulia. Vile vipaipu viwili havikuwa vimeingia popote. Alikuwa amekata kipande cha mpira, akakichomeka huku na huku, akaviunganisha vyenyewe kwa vyenyewe kwa klipu, na kuvificha nyuma ya bampa.

"We fundi! Hivi vinanyonyana nini hapa?"

"Aa, hiyo ni njia ya mkato. Rejeta hii ni ya gari la klachi, haina midomo ya oili. Oili inazunguka tu hapo, inarudi."

"Inapoa wapi?"

"Si upepo upo?"

Nikamgeukia dada, nikitegemea moto. Akawa anakuna kidevu. "Lakini litatembea?" akamuuliza.

"Litatembea vizuri sana."

"Basi kama litatembea..."

Hapo ndipo nilipochefuka kuliko wakati wa mabonge. "Dada! Oili ikiungua giaboksi inakufa. Wewe utakwenda kwa nini, kwa mbawa?"

"Mama mdogo, usimtishe mwenzio," fundi akaingilia, anacheka. "Litatembea tu, hamna shida."

Dada akaacha kukuna kidevu. Akamtazama yule mtu kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Umesemaje?"

"Nimesema litatembea tu."

"Aliyenifunga mguu huu alisema hivyohivyo." Akaligonga goti kwa ngumi. "Mfupa ulikuwa umekaa upande, kila mtu anaona, yeye akazungusha bandeji akaniambia utatembea tu, binti. Alikuwa na haraka, kama wewe. Toa hiyo takataka."

"Mama, yenye midomo ya oili nitaitafuta mbali, na jua hili..."

"Toa. Kaitafute. Sisi tupo."

Akachomoa ufunguo, akautia kifuani. Hamna Shida alitutazama, akatema mate karibu na kiatu changu, akaanza kufungua.

Tulikaa pale jua likizunguka mpaka upande wa pili wa ukuta. Nzi waliligundua lile beseni. Dada, bila haya, akateremsha trei mbili na kuanza kuwauzia mafundi, na yule aliyetapika ndiye aliyenunua wa kwanza, akayachemsha kwenye kopo la rangi, akala akiwa amesimama pembeni ya uchafu. Mimi niligeuza uso.

Fundi alirudi na rejeta ya otomatiki, kuukuu lakini imeoshwa. Safari hii dada alimsimamia kichwani, ameegemea mlango, na alimfanya amwonyeshe kila kipaipu kilipoingia. Fundi akajaza maji safi, akaongeza oili ya gia, akaangalia chini: pakavu. Dada akamlipa, akawasha. Mshale ukapanda hadi katikati, feni ikaunguruma, mshale ukasimama. Akakanyaga breki, akavuta gia kwenda mbele. Gari likashtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa bega.

"Zunguka nalo humu uwanjani kwanza," fundi akamwambia. "Nisikilize."

Dada akaenda nusu ya uwanja. Alipofika usawa wa geti akakata kona, akatoka, akashika njia ya mlima. Spana ya Hamna Shida ilikuwa bado juu ya bampa.

"Mama! Mama we! Spana yangu!" Akamkimbilia mpaka barabarani, kisha akarudi kwangu anahema. "Anakwenda wapi?"

"Kiwanda cha mikate. Amechelewa."

"Na wewe?"

Gari lilikuwa linapanda bila kusita, trei zinaonekana kwenye kioo cha nyuma, na mkono wa dada umetoka dirishani unamsalimu mtu. Hakugeuka hata mara moja kuona kama nimo. Nikatema mate, nikavua kiatu kilicholowa oili, nikaanza safari ya kurudi nyumbani.