Shemeji na Shilingi za Mfalme

Mume wa dada yangu ni fundi saa. Kazi yake naiheshimu. Kinachonitia kinyaa ni mapenzi yake kwa shilingi za fedha za enzi za Mwingereza, zenye kichwa cha mfalme. Huzisaka kwa wazee. Akipata moja huitia mdomoni, huizungusha kwa ulimi mpaka uchafu ulainike, kisha huitema kiganjani na kuifuta kwa kitambaa cha kazi. Uchafu wa miaka themanini wa mikono ya watu, yeye anaumumunya kama peremende. Mara ya kwanza kumwona, nilishindwa kumaliza chai.

Mama alipougua, shemeji alianza kuja kila jioni. Dada alimsifu kwamba mume wake ana utu. Mimi kusema mbele za watu kunanipa taabu. Lakini nilimwona akimwekea mama mto vizuri, vidole vikitembea kwenye mshono. Dada alikuwa amemwambia kwamba humo mama ameshona shilingi saba alizoachiwa na babu, baba yake mzazi. Mama alitaka zikae naye mpaka pumzi ya mwisho. Hakuwa na kingine cha babu.

Siku moja, dada naye akiwapo chumbani, mama alifumbua macho.

"Mkwe wangu, unapapasa mto au kichwa changu?"

"Naunyoosha tu, mama."

"Umenyooka tangu juzi. Mwanangu, leta wembe ufumue, umpe huyu apumzike."

Nikaleta wembe, nikaanza kufumua mshono. Shemeji hakungoja hata uzi utoke. Alitia ya kwanza mdomoni, akaitema, akaiinua dirishani. Ilikuwa na tundu. Ya pili vilevile. Babu alikuwa amezitoboa zote akazitunga kwenye kamba, zisimpotee shambani.

"Zimetobolewa," alisema. "Hakuna anayezitaka hizi."

Akazitupa kitandani, mbili zikiwa bado na mate, juu ya shuka la mama. Mama akageukia ukutani.

Sijui sauti niliitoa wapi.

"Shemeji, zifute."

Akacheka, akamtazama dada. Dada alikuwa anatazama sakafu. Nikasimama mlangoni, na mimi si mwembamba. Akatoa kile kitambaa chake. Nikamwambia hicho hapana, atumie shati.

Akazifuta kwa shati, moja moja, zote saba, nami nikazirudisha ndani ya mto wa mama na kuanza kushona.