Ameniomba Nimtemee Mate ya Baraka, na Moyo Wangu Umejaa Wivu

Admin, asante kwa kulificha jina langu. Ndugu msomao, mnivumilie, maana naandika kidogo kisha napumzika. Nina miaka themanini na moja. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa muda mrefu zaidi nilikuwa katekista wa kanisa letu la Kianglikana huku Kilosa. Naishi Mabwerebwere na mke wangu. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari amenishauri kwa upole nikae nyumbani na watu wangu. Nimemwelewa. Kufa sikuogopi. Naogopa kufa na wivu.

Ujanani nilitaka sana kuwa kasisi. Nilisoma vitabu vya theolojia mpaka taa ikaisha mafuta, nikaomba nafasi hiyo mara mbili. Mara ya pili askofu wa wakati ule aliniambia, "Mwalimu, wewe Mungu amekupa ubao. Madhabahu waachie wengine." Waliokuwepo walicheka, nami nikacheka. Nilifika nyumbani bado natabasamu, mke wangu akaniuliza nani amekufa.

Miaka mingi baadaye alikuja kwenye darasa langu la kipaimara kijana wa wafugaji kutoka Msowero. Hapa nitamwita Yohana. Shule aliiacha mapema akachunge ng'ombe, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfundisha kusoma Injili, neno kwa neno. Nilimfundisha kushika kitabu cha sala. Kilichotokea alipokifunga kitabu na kuanza kuomba, hicho sikumfundisha. Watu walilia. Walioacha kuongea na ndugu zao walitoka kanisani wakaenda kuwatafuta.

Akapelekwa Mikumi kuwa mwinjilisti, kwenye kikanisa kidogo kando ya barabara kuu. Kikajaa akina mama wa vibanda vya chakula, madereva wa malori, wafugaji na wakulima kwenye benchi moja. Kila mtu akawa anasema Yohana ana upako. Ndugu zangu, neno hilo nimelifundisha maisha yangu yote. Najua mafuta matakatifu ya Musa yalichanganywa na viungo gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulisema juu yangu.

Siku moja mama wa kwaya alisema mbele yangu, "Mwalimu ana madaftari, Yohana ana moto."

Nikamjibu, "Hata kuni mbichi zinaliza watu, mama."

Wakacheka. Niliposikia Yohana ameweka mikono juu ya ng'ombe mgonjwa nikasema, "Wiki ijayo atampa kipaimara." Wakacheka tena. Nilipenda kucheka nao, ila nyumbani sahani nilikuwa nairudisha na chakula chake.

Sasa Yohana amemaliza chuo, amekuwa shemasi, na Jumapili hii atawekewa mikono awe kasisi. Kule Mikumi watu wanamsubiri, kwa sababu hawana kasisi wa kuwapa Meza ya Bwana mpaka mmoja apate nafasi ya kutoka mbali.

Wiki iliyopita alikuja kunisalimia. Ni mtu mzima, ana mvi, lakini aliinamisha kichwa kama vijana wa kwao wanavyofanya, ili mzee amguse utosini. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Mkono wangu ulibaki juu ya shuka.

Akakaa chini kwenye mkeka. "Mwalimu, baba yangu alishafariki. Kwetu mtu haendi kwenye kazi kubwa kabla mzee wake hajamtemea mate ya baraka. Mzee wangu ni wewe. Naomba unitemee."

Nikamwambia, "Yohana, nilikufundisha nini? Hayo ni mambo ya kipagani. Askofu atakuwekea mikono, inatosha."

Akainuka kwenye mkeka. "Sawa, mwalimu. Nitapita tena Jumamosi asubuhi. Kama bado, nitamwomba askofu anisubirishe hadi zamu nyingine. Siwezi kwenda kama mtu asiye na mzee."

Ndugu zangu, niliposikia kwamba huenda asiwekewe mikono, nilifurahi. Nipo kitandani, pumzi ya kuhesabu, na nilifurahi.

Alipoondoka mke wangu aliingia na uji. Alikuwa amesikia yote.

"Baba Neema, kumbe mate ni upagani?"

"Ndivyo kanisa linavyofundisha."

"Na siku Neema anakwenda chuo cha uuguzi, nani alimtemea mate kwenye paji la uso hapo mlangoni mpaka mtoto akajifuta kwa kanga yangu? Ulikuwa mpagani siku ile?"

Akaweka uji, akasema, "Humnyimi kwa sababu ya Mungu," akatoka.

Ni kweli. Ila nina hofu ambayo hata yeye haijui. Wafugaji wanaamini, na sisi wa milimani wazee wetu waliamini hivyo hivyo, kwamba mate ya mzee mwenye kinyongo hayabariki, yanalaani. Nikimtemea Yohana huku namwonea wivu, nitakuwa nimempaka nini siku moja kabla ya upako wake? Nikimnyima, hataenda, na watu wa Mikumi watakaa bila kasisi, nami nitakufa nikiwa nimemzibia njia. Nikimwambia ukweli, yule anayeniona baba atajua kwamba miaka yote hii nilikuwa nasikiliza mahubiri yake nikitafuta makosa. Sijui kama baada ya hapo atainamisha tena kichwa chake mbele yangu.

Leo ni Alhamisi. Mdomo unanikauka, mke wangu ananinywesha maji kwa kijiko. Nishaurini, ila msiniambie niombe tu. Nimeomba. Kila nikifumba macho namwona ameinama, anasubiri mkono wangu, na mkono hauinuki. Jumamosi akiingia na kusema shikamoo, nifanye nini?